Maoni Mengine

Fomu inaniuliza: kifaa hiki kina manufaa kiasi gani?
Zungushia duara, moja hadi tano.

Kifaa chenyewe ni sanduku la mbao,
mawe thelathini na nane. Zamani yalikuwa arobaini;
mawili yaliondoka na mtu, au na miaka.
Na. 4 limetoka machimbo ya Njiru,
ndugu wa damu wa ukuta wa maabara hii.
Lebo ni za marehemu Obwogo, kwa wino wa samawati,
nyingine zimebanduka, zimelala chini ya sanduku
kama majina yanayosubiri kuitwa.

Mshindani wake ni programu ya kompyuta:
mawe mia nne yanayozunguka kwenye kioo,
hayana vumbi, hayapotei,
hayamwangukii mtu kidole cha mguu.
Ada hulipwa kila mwaka, kwa dola.
Na dola mwakani itakuwa shilingi ngapi?
Mhasibu Chelagat alicheka,
akafungua dirisha, akanionyesha wingu juu ya Ngara:
"Kwanza niambie kama lile litanyesha."

Nilifanya nilivyofundishwa.
Niligawa fomu sitini na tatu, zikarudi ishirini na tisa.
Saba zimejazwa tatu, tatu, tatu hadi chini,
mwandiko wa mtu anayewahi chapati kabla haziishi.
Mbili zina mkono mmoja.
Moja ilishafungiwa njugu; nikaisoma hivyo hivyo, na mafuta yake.
Na wale thelathini na wanne walionyamaza,
wamesema nini?
Sijui.
Jedwali la kamati halina safu ya sijui.

Basi tutazame mtihani. Alama zilipanda mwaka juzi,
lakini mwaka juzi ndio maji yalikatika hosteli,
wanafunzi wakahamia maktaba usiku kucha
kwa kuwa vyoo vya maktaba vilikuwa na maji.
Nimpe nani sifa, Obwogo au mfereji?

Fomu ya ishirini na moja haina duara hata moja.
Chini kabisa, penye "maoni mengine", mtu kaandika:

    Waniuliza thamani, ya jiwe nililoshika,
    Nililitia kinywani, magadi yakatamka,
    Ziwa liko ulimini, wala huko sijafika,
    Nizungushe namba gani, fomu isije kucheka?

Hakutia jina.
Kulamba vielelezo ni marufuku; tangazo niliandika mimi,
nikalibandika mlangoni kwa mkono wangu.
Nimeisoma mara nne, na kila mara
mate yamenijaa kinywani.

Profesa Nasimiyu amepiga simu kutoka ghorofa ya tano:
"Dokta, hatutaki hadithi. Tunataka namba."
Nikamwambia: kati ya mbili na tano.
"Hiyo si namba."
Ni namba, Profesa, ila ina mabega mapana.
Nikimpa tatu nitakuwa nimedanganya kwa unadhifu,
kama zile fomu saba.
Akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu ikigonga meza.
"Tunateremka kuliona saa nane."

Nikafungua sanduku nilitafute lile jiwe la magadi, Na. 17,
angalau hilo walione, angalau mmoja wao ashawishike kulamba.
Mawe yalikuwa yanang'aa. Yalinukia sabuni.
Mutiso, fundi wetu, aliyaloweka yote tangu jana,
kwa nia njema, ili kamati isitucheke,
na asubuhi akayapanga tena mahali pake, moja moja.
Mahali pa kumi na saba pana lebo tu,
wino umechuruzika, mwaka hausomeki.
"Hilo lilikuwa limechakaa, Dokta," anasema.
"Nililitafuta ndani ya ndoo, sikuliona."
Ndoo nayo ameshaimwaga, kwenye maua ya geti.

Nimeichukua fomu.
Nimekata thelathini na nane,
nimeandika thelathini na saba.
Viatu vya kamati vinasikika ngazini,
na juu ya Ngara, kwa mbali, ni kama limeanza kunyesha,
au labda ni lori linamwaga kokoto.